Mchezo Ukichezwa Nje, Mwavuli Uache Nyumbani

Mchezo wa kuigiza unapochezwa uwanjani hakuna kuta za kurudisha sauti wala paa la kuzuia mvua. Jamaa yangu ilijifunza hivyo kwa taabu. Tuliketi nyuma kabisa. Mama mkwe hakusikia neno, na kitinda mimba akalia baridi hadi tukaondoka katikati ya mchezo. Nauli na kiingilio vikaenda bure.

Basi fika mapema, ukae karibu na jukwaa, mahali ambapo upepo unakuletea sauti za waigizaji. Nairobi iko zaidi ya mita 1,600 juu ya bahari; jua likitua, hasa mwezi wa Julai, baridi haina mzaha. Beba sweta, blanketi la kukalia na makoti ya mvua. Mwavuli huwaziba walio nyuma. Hata kule Globe, London, watazamaji wanaosimama uani pasipo paa hawaruhusiwi kuufungua. Waonyeshe watoto mahali pa kukutana wakipotea. Uliza mchezo utamalizika saa ngapi, usije ukakosa matatu.

Utamu wa mchezo uko mwishoni. Jiandae uufikie.