Waziri ni Mbeba Mzigo



Katika kikao kimoja cha vijana niliuliza: "Waziri ni nani?" Kijana mmoja akajibu upesi: "Ni mtu aliyefika." Wenzake wakacheka, lakini hakuna aliyempinga. Mimi nampinga leo, nami naanzia kwenye neno lenyewe.

Neno waziri limetujia kutoka Kiarabu. Wanalugha wa kale wa Kiarabu walilihusisha na wizr, yaani mzigo: waziri ni yule anayebeba mzigo pamoja na mtawala. Nalo neno ministre, tunalolisikia kila siku redioni, lina asili ya Kilatini: minister ni mtumishi, aliye chini, kinyume cha magister, aliye juu. Biblia ya Kilatini inatumia neno hilohilo katika Matayo 20, Yesu anapowafundisha Mitume kwamba anayetaka kuwa mkubwa awe mtumishi wa wenzake. Mmoja amewekwa chini ya mzigo, mwingine chini ya watu. Hakuna aliyewekwa juu.

Wengine watasema: "Hayo ni ya zamani, maana ya maneno hubadilika." Ni kweli hubadilika. Lakini ni nani anayeibadilisha? Ndugu yetu akiteuliwa, tunashangilia kwamba zamu yetu ya kula imefika. Tunamtuma akaketi, kisha tunamlaumu kwa kuketi.

Tuisome vizuri sura ile ya Matayo. Mama wa wana wa Zebedayo aliwaombea wanawe viti, na wale Mitume kumi wakakasirika. Je, walichukizwa na ubaya wa ombi? Naogopa walichukizwa kwa sababu walitanguliwa. Hasira yetu juu ya wakubwa, mara nyingi, ni hasira ya wale kumi.

Mji wetu wa Goma unajua maana ya mzigo. Mwendesha chukudu anayeshuka kutoka Kibumba na magunia ya viazi hadai kuitwa Mheshimiwa. Huulizwa jambo moja tu: mzigo umefika salama? Swali hilo linamhusu waziri, na linamhusu pia yule anayetunza michango ya kikundi chenu.

Tena tunaye shahidi wa nyumbani. Mwenye Heri Floribert Bwana Chui, mzaliwa wa Goma, hakuwa waziri. Alikuwa kijana wa miaka 26, mfanyakazi wa ofisi ya serikali inayokagua bidhaa. Alikataa rushwa ili chakula kilichoharibika kisiwafikie watu, na kwa ajili hiyo akauawa mwezi wa Julai 2007. Tarehe 15 Juni 2025, mjini Roma, Kanisa lilimtangaza kuwa mwenye heri. Hakungoja cheo kikubwa ndipo awabebe watu wake.

Basi, mtakapowachagua viongozi wa kikundi chenu, msiulize nani anafaa kukalia kiti cha mbele. Ulizeni nani amekwisha kubeba kitu bila kuitwa jina lolote. Na kijana yule nitamjibu hivi: waziri hajafika. Ametwishwa mzigo, na safari ndiyo kwanza inaanza.

Swali la kujadili: Katika kikundi chetu, ni cheo gani tumekigeuza kuwa kiti, nasi tutakirudishaje kuwa mzigo?