Usiseme Bodi Imekufa Kabla ya Kuiuliza

Naomba nafasi katika kurasa hizi za Kiswahili nitoe maoni yangu juu ya jambo ambalo kwa macho ni dogo, walakini liliwahi kumvunjia mwenzetu mmoja heshima yake. Jambo lenyewe ni namna ya kupakia programu katika zile bodi ndogo za elektroniki ambazo chama chetu hutumia. Wengi wetu tulifundishwa kubonyeza kitufe chenye mshale katika dirisha la kompyuta, na tukisha kubonyeza twangoja. Mimi nasema kwamba kila mwanachama ajifunze pia kuifanya kazi hiyo kwa kuandika amri kwa mkono wake. Sababu yangu si majivuno ya ufundi. Nitaieleza kwa kisa changu mwenyewe, nacho si kisa cha kujisifu.

Mwaka 2019 nilikuwa kiongozi wa chama cha elektroniki. Tulikuwa na bodi chache. Zote zilikuwa za aina ya Arduino Uno, isipokuwa moja ndogo ya aina ya Nano iliyonunuliwa mjini kwa bei nafuu. Kijana wa kidato cha pili aliomba kwenda na ile ndogo nyumbani siku ya Ijumaa, atengeneze kengele ya kumjulisha mama yake tangi la maji linapojaa. Nikamruhusu. Wiki ileile kompyuta ya chama ilikuwa imewekewa programu mpya mahali pa ile ya zamani. Jumatatu kijana akarudisha bodi. Nikaiunga kwa waya, nikabonyeza kitufe, ikakataa. Nikabonyeza tena, ikakataa. Nikaunga moja ya zile Uno, nayo ikapokea mara moja.

Hukumu ilikuwa rahisi. Kompyuta ni nzima, waya ni mzima, bodi nyingine ni nzima. Basi kijana ameiunguza. Akaniambia, "Kaka, nyumbani ilifanya kazi. Kengele ililia." Nikamjibu mbele ya wenzake, "Kama ililia huko, mbona hapa ni bubu?" Watu wakacheka. Nikampelekea mwalimu habari, naye kwa kuniamini akasema kijana asiguse vifaa tena mpaka alipe. Kulipa hakuweza. Hakurudi chamani, na bodi ikatupwa katika sanduku la vitu vibovu.

Miaka ikapita. Mwaka 2023 nilikuwa nimekwisha kumaliza shule na kupanga chumba huku Busanza, nikimsaidia fundi mmoja kazi za elektroniki. Kwake ndiko nilikojifunza amri hizi. Nilipokwenda kuwasalimu walimu nikapewa lile sanduku, nichague kama kuna kitu kinachofaa. Jumamosi moja, baada ya umuganda, nikakaa mezani karibu na dirisha, ndege zikishuka Kanombe, nikaanza kutoa kitu kimoja kimoja. Nikaikuta ile Nano. Nikaiunga, nikaandika mstari huu:

avrdude -c arduino -p m328p -P /dev/ttyUSB0 -b 115200

Jibu likaja kwamba bodi na kompyuta hazipatani mwendo. Nikabadili namba ya mwisho tu, nikaandika 57600. Mara ile bodi ikajibu na kutoa sahihi yake, 0x1e950f, ambayo ndiyo sahihi ya chipu ya ATmega328P. Ilikuwa nzima tangu siku ya kwanza.

Yafaa nieleze kilichotokea, maana asiyejua kazi inavyokwenda ataona kama uchawi. Programu tunayoiandika kwa maneno haiwezi kuingia katika chipu hivyo ilivyo. Kwanza kompyuta huitafsiri katika lugha ya mashine, ikatoa faili la namba ambalo jina lake huishia na hex. Faili hilo ndilo linalopelekwa kupitia waya na kuandikwa katika kumbukumbu ya chipu, na humo hukaa hata umeme ukizimwa. Lakini ni nani ndani ya chipu anayelipokea? Ni programu nyingine ndogo sana iliyowekwa humo tangu kiwandani. Mimi huiita bawabu. Kompyuta inapofungua mazungumzo, bodi huanza upya, na bawabu husikiliza kwa muda mfupi tu. Akisikia anaitwa kwa kasi anayoijua, hupokea mzigo. Asiposikia maana, huifungulia njia programu iliyokuwamo, kana kwamba hapakuja mtu.

Sasa, bawabu wa zamani wa Nano husikia kwa kasi ya biti 57,600 kwa sekunde. Tangu mwaka 2018 Nano zilitoka na bawabu mpya, anayesikia kwa kasi ya 115,200, sawa na wa Uno. Programu mpya katika kompyuta yetu ilidhani kila Nano ina bawabu mpya. Bodi yetu ilikuwa na wa zamani. Kijana alitumia kompyuta ya mjomba wake yenye programu ya zamani, na kengele ikalia kweli. Sisi tulikuwa tukibisha hodi kwa lugha ambayo mwenye nyumba haijui, kisha tukatangaza kwamba amekufa.

Hapa ndipo ilipo tofauti kati ya kitufe na amri. Kitufe kilikuwa na kasi ndani yake, lakini hatukuiona, na kwa kuwa hatukuiona hatukuishuku. Amri yakulazimisha kutaja kila jambo. Tazama tena ule mstari. Herufi c yataja desturi ya mazungumzo. P ndogo yataja chipu. P kubwa yataja mlango ambao waya umeunganishwa. B yataja kasi. Ukikosea, kosa limo katika mambo hayo manne uliyoyaandika mwenyewe, na waweza kuyapitia moja moja. Tena mstari ule haukuandika kitu chochote katika bodi. Ulikuwa ni salamu tu. Kile kitufe chetu hakikujua kusalimu. Kilijua kupakia tu, na kikishindwa husema kimeshindwa.

Ukitaka kupakia, waongeza maneno machache mwishoni:

avrdude -c arduino -p m328p -P /dev/ttyUSB0 -b 57600 -D -U flash:w:kengele.ino.hex:i

Neno flash ni ile kumbukumbu ya chipu; w maana yake andika; kisha jina la faili; na i ya mwisho yasema faili limeandikwa kwa mtindo wa kampuni ya Intel. Ile D yazuia amri ya kufuta chipu nzima kwanza, maana bawabu wa bodi hizi hufuta mahali anapoandika tu. Kazi ikisha, avrdude husoma tena yaliyoandikwa na kuyalinganisha na faili, baiti kwa baiti. Hivyo hupati ahadi tu kwamba mzigo umefika, bali wapata ushahidi.

Najua yapo maneno ya kunipinga. Wengine watasema kitufe ni chepesi kwa mgeni. Ni kweli, wala sitaki kiondolewe. Mtoto aone kwanza taa yake ikiwaka, ndipo apate hamu. Walakini mtu akikaa chamani mihula mitatu naye hajui kilicho nyuma ya kitufe, huyo si mwanafunzi wa ufundi bali ni mtumiaji. Wengine watasema amri ni ngumu kukumbuka. Hakuna haja ya kuikumbuka. Iandike katika daftari, kama tuandikavyo kanuni za fizikia. Wengine huogopa kwamba kujaribu mara nyingi kutaichakaza bodi. Watengenezaji wa ATmega328P wameieleza kumbukumbu yake kuwa yastahimili kuandikwa mara 10,000. Ukipakia mara 10 kila siku, utahitaji siku 1,000 kufika hapo. Bodi zinazochakaa kwa kuandikwa ni chache kuliko zinazooza sandukuni kwa hofu yetu.

Tena iko faida kwa shule zenye kompyuta chache na za zamani. Kazi ya kutafsiri programu yaweza kufanywa mara moja katika kompyuta moja nzuri kwa arduino-cli. Kisha lile faili la hex huchukuliwa kwa kijiti cha kumbukumbu. Uno ina kumbukumbu ya kilobaiti 32 tu, na hata programu ikiijaza yote, faili lake halifiki kilobaiti 100. Kompyuta kuukuu isiyo na intaneti, isiyoweza hata kufungua lile dirisha zito, yatosha kabisa kuendesha avrdude. Wapakiaji watano waweza kukaa kwenye kompyuta tano ambazo leo twaziita takataka.

Wala tusidhani kwamba mambo haya ni ya mabingwa wa nchi za mbali. Muundo wa chipu hizi uitwao AVR ulianza na wanafunzi wawili wa Trondheim, Norway, Alf-Egil Bogen na Vegard Wollan, wakiwa bado chuoni. Arduino yenyewe ilizaliwa mwaka 2005 katika chuo cha usanifu huko Ivrea, Italia, ili wanafunzi wasio wahandisi wapate bodi ya bei nafuu. Hapa Kigali, Fablab Rwanda ilifunguliwa mwaka 2016 ili vijana watengeneze vitu kwa mikono yao. Mlango uko wazi. Lakini haufai kitu ikiwa mwanafunzi akifika huko bado angoja mtu mwingine ambonyezee kitufe.

Basi nashauri mambo matatu. La kwanza, chama kiwe na sheria kwamba hakuna bodi itakayoitwa mbovu, wala mtu atakayeitwa mharibifu, kabla ya maswali manne kuandikwa katika daftari pamoja na majibu yake. Je, mlango waonekana katika kompyuta? Je, mtumiaji ana ruhusa ya kuutumia? Maana katika Linux mara nyingi tatizo ni kwamba jina lako halimo katika kundi la dialout. Je, chipu iliyotajwa ndiyo iliyomo? Je, kasi zote mbili zimejaribiwa? Hata baada ya hayo, jaribu waya mwingine, kwa kuwa ziko nyaya za simu zinazopitisha umeme tu bila habari.

La pili, daftari hilo liandikwe kwa Kiswahili. Tangu Kiswahili kilipofanywa lugha rasmi ya Rwanda mwaka 2017, wengi huuliza kitatufaa nini darasani. Kitufae hapa. Siku ile ya hukumu yangu, ujumbe wa kosa ulikuwa umeandikwa kwa Kiingereza chini ya dirisha, mbele ya macho yetu sote, na hakuna aliyeusoma. Mtoto wa kidato cha kwanza akikuta maana yake imeandikwa kwa maneno anayoyaelewa, atausoma.

La tatu ni kwa sisi tuliokwisha kuondoka shuleni. Tukipenda kuchangia, tusikimbilie bodi mpya kwanza. Tupeleke kompyuta kuukuu, na pamoja nazo tupeleke Jumamosi zetu. Mimi niko Busanza. Kutoka hapa hadi shuleni si safari ya kutisha, na nimekwisha kumwambia mwalimu kwamba nitakuja mara mbili kila muhula.

Yabaki neno la yule kijana. Nilimtafuta, nikampata, nikamweka ile Nano mkononi, nikamwambia yote mbele ya mama yake. Hakunitukana. Aliigeuza geuza, akasema, "Nilijua kengele ililia. Lakini nyote mliposema haiwezekani, mwishowe nikaanza kuyashuku masikio yangu." Alikuwa amechagua masomo ya uhasibu. Uhasibu ni kazi njema, wala sisemi angekuwa mhandisi. Lakini nilimnyima nafasi ya kujua mwenyewe, na nafasi hiyo siwezi kumrudishia kwa bodi ya bei nafuu.

Waliotutangulia walisema kuuliza si ujinga. Mimi naongeza kwamba kuhukumu bila kuuliza ndio ujinga wenyewe, na mkubwa zaidi ni wa yule aliye kiongozi. Wanachama wa leo, lifungueni lile kabati. Zitoeni bodi zote zilizoandikwa "mbovu", ziungeni moja moja, mziandikie mstari ule wa salamu. Mkipata hata moja inayojibu, mtafuteni na yule aliyelaumiwa kwa ajili yake.