Zafarani ya bei rahisi haipo

Kila Idi ikikaribia, au msimu wa harusi, malalamiko ya bei ya zafarani hurudi, na lawama humwangukia mwenye duka. Kwa maoni yangu anaonewa, maana ughali huu umeanzia kwenye ua lenyewe. Mmea wa zafarani hulala ardhini kiangazi chote ukiwa tunguu, kisha huchanua Oktoba na Novemba, wakati mashamba ya Iran, Kashmir na Hispania yanaelekea kwenye baridi. Kila ua la zambarau lina nyuzi tatu tu nyekundu, na hizo ndizo zafarani. Ua likishafunguka halikawii kunyauka, kwa hiyo huchumwa alfajiri, moja moja, kwa mkono. Kilo moja ya nyuzi kavu hudai maua yapatayo 150,000. Tena mmea wenyewe ni tasa: una seti tatu za kromosomu badala ya mbili, hautoi mbegu wala hauoti porini. Binadamu asipochimba matunguu na kuyapanda upya, zafarani inakwisha duniani.

Wapo watakaosema bei hupangwa na Iran, inayotoa takriban tisa ya kumi ya zafarani yote. Ni kweli kwamba ukame wa huko hutikisa soko lote. Lakini zafarani ya Hispania na ya Ugiriki, inayolimwa mbali na Iran, mara nyingi huuzwa ghali zaidi, kwa kuwa vibarua wa huko hulipwa zaidi. Hoja ya ulafi wa nchi moja inaishia hapo.

Wengine watauliza: manjano hayatoshi? Kwa rangi yanatosha, na biriani ya manjano haina aibu yoyote. Ila ule uchungu mwepesi wa zafarani hayana, wala ile harufu inayojengeka nyuzi zinapokaushwa. Ninachopinga ni unga wa rangi, au petali zilizokaushwa za mmea wa jamii ya alizeti, kupewa jina la zafarani. Udanganyifu huu ni wa kale; mjini Nuremberg, Ujerumani, katika karne ya 15 waliochakachua zafarani walichomwa moto. Hatuhitaji ukatili huo. Mnunuzi adai nyuzi, si unga, azitie katika maji ya uvuguvugu: za kweli hutoa rangi polepole na zenyewe hubaki nyekundu. Na mwenye manjano aandike manjano kwenye pakiti, auze kwa bei ya manjano.