SAA ZA NJIANI NI SAA ZA KAZI



Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Sisi wafanyakazi hatuna duka wala meli. Mali yetu ni saa zetu. Basi leo twataka kusema nanyi juu ya daftari la saa hizo: nani huliandika, nani hulishika, na kwa nini wengi wetu kutoka Mtwapa mpaka Mamburui twatoka nyumbani alfajiri, twarudi magharibi, na siku ya malipo twaambiwa saa zetu hazikutimia.

Zamani kibarua alijua mahali pake pa kazi. Aliitwa jina asubuhi na nyapara mmoja, na jioni akaachwa na nyapara yule yule. Siku hizi kontrakta mmoja hushika kazi tatu au nne kwa wakati mmoja, na genge moja huzungushwa kwa lori toka kazi hii hata ile. Kila kazi ina daftari lake na nyapara wake, na baina ya daftari na daftari ndipo saa zetu zinapoanguka.

Tuchukue mfano wa genge moja lililoleta mashitaka yake kwetu. Ni watu tisa, kazi yao kufyeka bustani, kuzibua mifereji na kutengeneza mapaa ya makuti katika nyumba za wageni. Saa 1 asubuhi wameanza kazi Mnarani. Saa 4 wanaambiwa pakieni vyombo, na saa 5 u nusu wako Watamu. Hapo wanafanya kazi hata saa 9, na katikati wanapewa nusu saa ya kula. Kisha wanapanda lori tena, na saa 10 wanaanza kazi Malindi hata saa 12 jioni.

Sasa tazameni madaftari. Nyapara wa Mnarani ameandika saa 3. Wa Watamu ameandika saa 3. Wa Malindi ameandika saa 2. Jumla ni saa 8, na mtu akitazama atasema siku njema, haina dhuluma. Lakini toka saa 1 asubuhi hata saa 12 jioni ni saa 11, na ukitoa nusu saa ya chakula zabaki saa 10 na nusu. Saa 2 na nusu zimekwenda wapi? Zimebaki barabarani, juu ya lori, na katika kupakia na kupakua vyombo vya tajiri. Kwa siku sita ni saa 15. Madaftari yasema saa 48 kwa juma, na mtu amekuwa mikononi mwa tajiri saa 63.

Angalieni sana, ndugu. Hapa hakuna nyapara aliyesema uwongo. Kila mmoja ameandika alichokiona kwa macho yake, na jumla ya kweli tatu ikawa uwongo mmoja. Ndiyo maana hatuwatukani manyapara. Ubaya ni wa mpango wenyewe, nao ni wa kuandika saa za mahali pa kazi badala ya saa za mtu.

Tajiri hujibu kwamba mwenye nyumba ya Watamu halipii safari ya kutoka Mnarani, basi yeye atoe wapi fedha hizo? Jawabu letu ni hili. Petroli ya lori mwenye nyumba haioni pia, lakini tajiri huihesabu kabla ya kutaja bei yake. Dereva naye hulipwa akiwa njiani. Ikiwa lori lina hesabu yake, watu tisa walio juu yake wana hesabu yao. Mtu aliyeamriwa apande lori hawezi kwenda kuvua, wala kulima shamba lake, wala kufanya kibarua kwingine. Shirika la Kazi la Ulimwengu katika Mkataba wake wa 30 wa mwaka 1930, ulioandikwa kwa ajili ya maduka na maofisi, lilieleza kwamba saa za kazi ni wakati ambao mwajiriwa yuko chini ya amri ya mwajiri. Maana hiyo yatosha kwa karani wa dukani, nayo yatosha kwa mfyekaji wa bustani.

Katika Kenya, kazi zisizo na amri yake maalum zafuata amri ya jumla ya mishahara, ambayo yasema juma la kazi lisizidi saa 52 katika siku sita, na saa zinazozidi siku za kawaida zilipwe mara moja na nusu. Hesabuni basi: saa 63 kutoa saa 52 ni saa 11 za ovataimu kila juma. Kwa daftari la mahali pa kazi, ovataimu hiyo haionekani hata dakika moja.

Iko hasara ya pili, na hiyo ni kubwa kuliko ya kwanza. Kifungu cha 37 cha Sheria ya Ajira ya 2007 chasema kibarua akifanya kazi siku za mfululizo ambazo jumla yake si chini ya mwezi mmoja, mkataba wake wageuka, naye hahesabiwi tena kuwa mtu wa kutwa. Akiendelea miezi miwili au zaidi, anastahili haki kana kwamba hakuanza kuwa kibarua: likizo, notisi na mengineyo. Lakini mtu ambaye jina lake liko siku nne katika daftari hili, siku tano katika lile na siku sita katika jingine, atathibitishaje mwezi? Sheria haikuuliza amefanya kazi katika nyumba ya nani. Yauliza amemfanyia kazi mwajiri gani, na kwa siku ngapi.

Wazee wetu walilijua jambo hili. Siku za ukoloni palikuwa na kipande cha kazi cha siku 30, na mtu alipewa siku 42 kukimaliza. Siku isiyotiwa alama haikuwa siku, hata kama jasho lilimtoka. Hata jina hili la kibarua maana yake ni barua ndogo, ile karatasi aliyopewa mtu wa kutwa. Leo kibarua amebaki na jina, na karatasi imeondoka. Malipo yaja kwa simu, na ujumbe wa simu wataja shilingi tu, hautaji saa.

Kwa hiyo twadai mambo manne:

1. Kila mfanyakazi awe na karatasi yake moja ya juma, iandikwe kazi zote alizopelekwa, tangu kuitwa jina asubuhi hata kuachwa jioni.

2. Safari ya kutoka kazi hii kwenda nyingine, na saa za kungoja lori kwa amri ya tajiri, ziandikwe na zilipwe.

3. Mfanyakazi apewe nakala kabla ya siku ya malipo, apate kusahihisha.

4. Mahali panapotumiwa simu au mashine ya kidole kuandika saa, mfanyakazi aoneshwe hesabu yake. Hatupingi mashine. Twapinga daftari lililofungwa, liwe la karatasi au la umeme.

Nasi tuna makosa yetu, tuyaseme. Wako wanaomtilia sahihi mwenzao aliyelala nyumbani. Sahihi moja ya uwongo humpa tajiri sababu ya kukataa mia za kweli. Acheni tabia hiyo.

Na msingoje tajiri aanze. Kila genge lichague mtu mmoja ajuaye kuandika, anunue daftari dogo, aandike kila siku: tarehe, mahali, saa ya kuanza, saa ya kuacha, saa ya lori kuondoka na kufika, na majina. Aandike "saa 1 asubuhi", asiandike 1 peke yake, kwa maana karani wa ofisini huhesabu saa kwa desturi ya Kizungu na atasoma saa 7 mchana. Wenzake watie sahihi jioni ile ile. Daftari hilo litunzwe, kwa kuwa mashitaka ya kazi yana muda wa miaka mitatu. Sheria yamtaka mwajiri aweke kumbukumbu za watu wake, na akishindwa kuleta mkataba au maelezo ya kazi yaliyoandikwa mbele ya korti, ni juu yake kukanusha masharti anayodai mfanyakazi. Lakini ni heri kwenda na daftari mkononi kuliko kwenda na mdomo mtupu.

Wale watu tisa walipokuja kwetu hawakuwa na karatasi hata moja. Walikuwa na kumbukumbu za vichwani, na kila mmoja alitaja saa yake. Mashitaka yao bado twayashughulikia, nayo ni magumu. Genge litakalofuata lije na daftari.