Swaumu, Mashindano na Hofu ya Vijana Wetu



Mwezi wa Ramadhani hurudi nyuma siku kumi au kumi na moja kila mwaka wa miladi, hivyo hakuna msimu wa michezo usioupitia. Kati ya mwaka 2015 na 2018 uliangukia Mei, Juni na Julai, miezi ya UMITASHUMTA na UMISSETA. Miaka hii unaangukia Februari na Machi, joto la Kilosa likiwa kali.

Kijana aliyebaleghe, naye amefunga na amepangwa kucheza, hushikwa na hofu tatu kwa mpigo: hofu ya Mola wake iwapo atakula, hofu ya kuwaangusha wenzake iwapo hatakula, na hofu ya kuzirai mbele ya watu. Sisi watu wazima tumemwachia azitatue peke yake, kando ya uwanja, saa 10 alasiri, huku mwalimu wa michezo amemnyooshea chupa ya maji. Huo si uadilifu.

Kwanza lipo jambo ambalo wengi hawalijui. Hofu ya mashindano yenyewe hukausha kinywa, huuendesha moyo mbio, hulegeza magoti na kuvuruga tumbo. Humpata aliyekula na kunywa kama inavyompata aliyefunga. Muulizeni kipa yeyote aliyewahi kusubiri penalti. Lakini aliyefunga, ulimi ukimkauka, hukata shauri kwamba swaumu imemmaliza, na kadiri anavyoamini hivyo ndivyo hofu inavyozidi na ulimi unavyozidi kukauka. Kijana huyu afundishwe mapema kuitambua hali hiyo, apumue taratibu, alete dhikri, aingie uwanjani. Akipata kizunguzungu kisichokoma, akitapika, au akianza kusema maneno yasiyoeleweka, hapo si hofu tena. Anywe maji papo hapo, na siku hiyo atailipa.

Watafiti wa tiba wa FIFA waliwachunguza wachezaji vijana wa Tunisia, na katika matokeo yaliyochapishwa mwaka 2008 uwezo wa vijana hao haukuonekana kudhurika kwa kufunga. Tuzingatie lakini kwamba walikuwa kambini, wamepangiwa chakula, usingizi na mazoezi. Kijana wa Mikumi aliyekesha, kisha akalala bila daku, hawezi kujipima kwao.

Ama hukumu, Allah (S.W.) katika Suratul Baqara, aya ya 184 na 185, amemruhusu mgonjwa na msafiri kula na kulipa baadaye. Mchezo si ugonjwa. Mwaka 2010 Baraza Kuu la Waislamu wa Ujerumani liliwaruhusu wachezaji wa kulipwa wale, kwa hoja kwamba mkataba ndio riziki yao. Mwanafunzi wa sekondari hana mkataba wala mshahara, asijifiche nyuma ya fatwa hiyo. Na safari je? Barabara ya Mikumi hadi Kilosa haifiki kilomita 80, na wanachuoni wengi walioweka kipimo wanakisia kilomita 80 na ushei. Ibn Taymiyya yeye alitazama kile ambacho watu wanakiita safari. Timu inayokwenda Morogoro mjini, zaidi ya kilomita 100, ruhusa inayo, ingawa Mashafi wanashurutisha kuondoka kabla ya alfajiri. Kauli yoyote mtakayoishika, kijana aambiwe usiku, alale akiijua. Na mwenye ruhusa asile kwa kujificha kama mwizi: Mtume (S.A.W.), akielekea Makka mwaka wa 8 Hijriya, alipoambiwa kuwa swaumu imewaelemea watu, aliinua chombo cha maji baada ya Alasiri na kunywa wakimtazama.

Lipo baya kuliko njaa. Hofu hii hii ndiyo inayowapeleka vijana kwa waganga, kwa kile kinachopewa jina la heshima la "kamati ya ufundi". Mtu amejizuia maji kwa ajili ya Allah tangu alfajiri, kisha anaingia uwanjani na hirizi ndani ya soksi! Mwalimu anayempeleka huko hamtoi hofu, bali anampa kitu kingine cha kukiogopa.

Mwaka 2018 kipa wa Tunisia alijilaza chini wakati wa magharibi kama aliyeumia, ili wenzake wapate tende na maji. Wengi walicheka. Hila haikuhitajika: Aprili 2021 huko Uingereza, mechi ya Leicester na Crystal Palace ilisimamishwa kidogo kwa makubaliano ili Waislamu wafuturu. Kama limewezekana kule, Kilosa linashindikanaje? Tunawaomba maimamu wa Kilosa na Mikumi, kabla mwezi haujaandama, wakae na walimu wa michezo, wawe Waislamu au la. Mechi ikianza saa 10 na nusu itamalizika kabla ya saa 12 na nusu, adhana ikiwa karibu na tende zikiwa tayari kando ya uwanja.