Filamu na Hadhira Yake

Wapo wanaodai kwamba filamu ni ileile, itazamwe ukumbini au sebuleni. Sikubaliani nao. Atazamaye Nairobi Half Life (2012) peke yake nyumbani huuelewa mzaha wa Sheng. Ukumbini, kicheko cha jirani humfunulia hata ule uliompita. Nao ukumbi si lazima uwe wa kifahari. Katika vibanda vya video mitaani, sauti ya DJ Afro imesimulia filamu za kigeni kwa Kiswahili, na hadhira humjibu fanani huyo asiyekuwapo. Nyumbani twaweza kuisimamisha filamu na kuichambua, tena bila kiingilio. Lakini hapo twasoma matini tu. Utendaji umo kibandani, na huko ndiko watafiti wa fasihi simulizi wanakopaswa kwenda na vinasa sauti, kabla simu hazijaitawanya hadhira yote.