Udongo wa Meissen na Majani ya Merigi

Sisi watu wa pwani ni wateja wa zamani wa kauri. Bakuli za Kichina zilipachikwa katika nguzo ya kaburi la Mambrui, na katika nyumba za mawe za Lamu sahani zilipangwa zidakani ili mgeni azione. Kuzichagua tulijua, namna zinavyofanywa hatukuuliza.

Wazungu nao walikuwa wateja kama sisi, fedha zao zikenda Uchina. Augustus, mtawala wa Saxony huko Ujerumani, alishikwa na maradhi ya kauri hata mwaka 1717 akampa mfalme wa Prussia askari 600 wa farasi, akapokea vyombo 151. Piga hesabu, ndugu msomaji: watu wanne kwa chombo kimoja!

Lakini huyo Augustus aliuliza. Alikuwa amemfungia kijana Böttger, aliyejigamba kuwa ajua kufanya dhahabu. Dhahabu haikuja. Mwanachuoni Tschirnhaus akamwelekeza kijana kwenye udongo, na mwaka 1708 kauri nyeupe ikapatikana: udongo uitwao kaolini, kuchanganywa na mawe yayeyukayo, na moto wa kiasi cha digrii 1,400. Mwaka 1710 kiwanda kikafunguliwa, kisha kikawekwa ndani ya ngome ya Meissen ili siri isitoke. Böttger alikufa 1719, umri miaka 37. Mwaka huohuo fundi mmoja akatorokea Vienna na siri yenyewe. Elimu haina kufuli. Kiwanda kiko hadi leo, mali ya jimbo la Saxony, na alama yake ya panga mbili zilizopishana yajulikana duniani.

Haya niliyawaza Merigi, upande wa Bomet, nikiwatazama wachumaji wakipimiwa majani. Kilo 4 hadi 5 za majani mabichi hutoa kilo 1 ya chai kavu. Sehemu kubwa ya chai ya Kenya hupitia mnada wa Mombasa, mlangoni petu, bila jina. Jina hupewa ng'ambo, na faida nono hukaa na jina.

Nasi tuliosoma chuoni Surat Ar-Rahman, inayotaja udongo wa mfinyanzi katika habari za kuumbwa mtu, twawaachia mama zetu vyungu na vyetezo kana kwamba ni kazi duni. Serikali za kaunti, Lamu na Bomet, zina vyuo vya ufundi. Humo nani afundisha tanuri, na nani afundisha kuonja na kuchanganya chai?